Rimu zinaota minyoo myeupe na moja inavuja upepo: nianze na ipi?

"Habari za kazi, fundi. Nina Toyota Harrier ya 2005, tunaishi Kigamboni. Nilipoinunua kwa mtu nilikuta ina rimu za inchi 18, uso unang'aa na katikati ya spoki ni nyeusi, si zile za kiwandani. Huu ni mwaka wa pili zinaota kama minyoo myeupe chini ya rangi, na pengine zinabanduka magamba. Kijana anayeniosha gari ana dawa yake kwenye chupa ya maji ya kunywa. Akiipaka zinatakata, baada ya siku mbili zinarudi kuwa kijivu. Mtandaoni wengine wanasema nitumie kostiki, wengine stilwaya, wengine nipige msasa na kupulizia rangi ya kopo. Tena mwezi uliopita niliingia shimo. Usukani unatetemeka nikifika 80, na tairi la mbele kushoto linapungua upepo kila wiki. Fundi mmoja anasema ataipasha rimu kwa gesi aigonge inyooke, mwingine anasema niweke tyubu tu yaishe. Ijumaa ijayo nakwenda Tanga na watoto. Nianze na lipi?"

Ndugu yangu, umeniletea wagonjwa wawili kwenye machela moja. Minyoo myeupe ni ugonjwa wa ngozi: inachukiza, inakula rimu polepole, lakini inaweza kukungoja. Rimu iliyopigwa na shimo na kuanza kuvuja ni mfupa. Swali lako karibu lote umeliweka kwenye ngozi, mfupa ukaupa sentensi mbili mwishoni, na sikulaumu, kwa sababu ngozi ndiyo wanayoiona majirani. Mimi nitaanza na mfupa.

Rimu yako ni alumini iliyochanganywa na silikoni, kwa kawaida karibu asilimia 7, na magnesiamu kidogo sana. Ikishamiminwa kiwandani, rimu nzuri hupashwa moto hadi kama nyuzi 540, hutumbukizwa majini, kisha huokwa tena taratibu kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 150 na kitu. Uokaji huo wa mwisho ndio unaoipa nguvu. Ndani ya madini huzaliwa chembechembe ndogo mno za magnesiamu na silikoni, na hizo ndizo zinazoyakaza yasikunjike ovyo. Sasa fundi akija na mtungi wa gesi, akaelekeza moto mahali pamoja, chembechembe zile zinakua, zinapungua idadi, na pale mahali panabaki laini kuliko rimu nzima. Halafu kuna jambo ambalo mafundi wengi wa chuma hawalijui: chuma kikipata moto kinaiva, kinakuwa chekundu, na mwenye kazi anaona kimefika wapi. Alumini haikuonyeshi. Inabaki na rangi yake ileile mpaka inapoanza kuyeyuka. Anayekuambia anapima moto kwa jicho hana anachokiona.

Rimu itanyooka, hilo sikatai. Usukani utatulia na utamshukuru. Ila shimo la pili litakapokuja litakuta pale mahali pamelegea.

Kunyoosha kwenyewe si haramu. Zipo mashine za kusukuma kwa jeki ya haidroliki, rimu ikiwa imefungwa katikati na kuzungushwa huku saa ya kupimia ikionyesha imeyumba kiasi gani. Kwa mkunjo mdogo wa ukingo wa ndani, usio na ufa, kazi hiyo naikubali. Mkunjo uliofika kwenye mizizi ya spoki, au wenye ufa hata wa urefu wa ukucha, siukubali. Kuchomelea ndiyo kabisa. Watu huchomelea alumini vizuri kwa gesi ya argoni, na mshono ukatoka mzuri wa kupendeza, lakini pembeni mwa mshono moto umeshaifuta ile kazi ya tanuri la kiwandani. Mimi rimu yenye ufa kwenye spoki naikata vipande mbele ya mwenyewe, asije akamuuzia mwingine.

Kwa hiyo la kwanza ni kujua upepo unatokea wapi. Livue gurudumu zima, tairi likiwa bado juu ya rimu, ulijaze upepo kama kawaida, ulipake maji ya sabuni pande zote mbili. Usisahau upande wa ndani, ule unaotazama chini ya gari, kwa sababu huko ndiko rimu hupasuka na huko ndiko hakuna anayechungulia. Mapovu yakitoka kwenye vali, umepona kwa bei ndogo. Yakitoka pale mdomo wa tairi unapokalia rimu, huenda ni ule ugonjwa wako wa ngozi umefika huko, unga mweupe umefanya mpira usikae sawa. Fundi tairi atalitoa tairi, atasugua kikalio kwa brashi, atapaka gundi yake na kurudisha. Yakitoka katikati ya madini, huo ni ufa, na rimu hiyo imemaliza kazi. Ukiona mkunjo lakini mapovu huyaoni, tafuta karakana yenye zile kopo tatu za kutafutia nyufa: moja ya kusafisha, moja ya rangi nyekundu inayopenya, na moja nyeupe ya kupuliza juu. Kama kuna ufa, mstari mwekundu utajichora wenyewe kwenye ule weupe.

Tyubu ndiyo ushauri ulionitia hofu kuliko wote. Nimewaona watu wengi wameweka, na kweli upepo hauvuji tena. Lakini kuvuja ndiko kulikokuwa kunakupa taarifa. Ufa unaendelea kutambaa ndani, wewe huna habari, na tyubu inasuguana na tairi ambalo halikutengenezwa kwa ajili yake, inapata joto, na siku ikipasuka upepo wote unatoka kwa mara moja badala ya wiki nzima.

Huo mtetemo nao usiuhukumu kabla haujapimwa. Ukianzia kwenye mwendo fulani na ukausikia mikononi, tafuta magurudumu ya mbele: balansi, rimu iliyopinda, au tairi lililoachia nyuzi zake ndani. Ukiusikia kwenye kiti, tazama ya nyuma. Ukija pale tu unapokanyaga breki, acha rimu, angalia diski. Na tairi lenyewe lililopigwa na shimo likague ubavuni; likiwa na nundu hata ya ukubwa wa korosho, halifai tena, hata kama ulilinunua juzi.

Sasa ngozi.

Wengi wanaamini alumini haipati kutu. Haipati kutu nyekundu, basi. Alumini ikiguswa na hewa tu hujivika papo hapo utando mwembamba, mgumu, usioonekana, na huo ndio ngao yake. Utando huo unavumilia vitu visivyo vikali upande wowote, wa asidi wala wa alkali. Ukimwagia asidi kali unayeyuka, na ukimwagia kostiki, ile alkali kali, unayeyuka vilevile. Ndiyo maana anayekuambia utumie kostiki na anayekuambia utumie dawa ya choo ya asidi wanabishana bure mtandaoni: wote wawili wanaichuna rimu, kila mmoja kwa upande wake.

Minyoo yako huanza kwenye mkwaruzo au ukingo ambapo klia, ile rangi ya juu isiyo na rangi yake, imeachia kidogo. Unyevunyevu unaingia pamoja na chumvi, na Kigamboni chumvi inakuja na upepo bila kuitwa. Kwenye kichwa cha mnyoo hewa ni kidogo na maji yanakuwa makali, yanakula madini. Nyuma yake unabaki ule unga mweupe. Chumvi yenyewe haimaliziki. Inasafiri na kichwa, inatumika tena na tena, ndiyo maana mnyoo unakwenda mbele hata gari likikaa chini ya paa miezi. Ukipuliza rangi juu yake umemjengea nyumba.

Rimu zako ndizo dhaifu kuliko zote kwa ugonjwa huu. Tazama uso wake kwa karibu, juani: utaona mistari myembamba ya mviringo kama ya santuri. Maana yake uso ule ulikerezwa kwa mashine baada ya kupakwa rangi nyeusi, ukaachwa madini matupu, na juu yake klia peke yake. Hakuna praima, rangi ya kwanza ya kushikisha, wala rangi nyingine chini yake. Ni urembo uliotengenezwa kwa maduka, na pwani hauishi muda mrefu.

Kuhusu ile chupa ya maji ya kunywa. Dawa isiyo na jina inayotakatisha rimu kwa dakika moja karibu daima ni asidi. Kinachong'aa si rimu iliyosafishwa, ni madini mapya yaliyovuliwa ngozi, na ile kijivu ya siku ya pili ni kidonda kikianza kufunga. Nakuambia haya nikiwa nimeyafanya mwenyewe. Nilipokuwa kijana nikiosha magari, nilipaka dawa ya namna hiyo kwenye rimu nne za mteja, mchana, zikiwa bado za moto, nikaenda kunywa chai. Niliporudi zilikuwa na mabaka kama ramani. Nililipa kwa mshahara wa miezi, na sikuwa na wa kumlaumu. Lakini hasara ya rimu ni ndogo. Baadhi ya dawa hizo zina asidi ya florini, ambayo hupenya ngozi na kushambulia kalisi mwilini, na mara nyingine maumivu makali huja saa nyingi baada ya kugusa. Mwambie yule kijana, kwa upole, maana yeye ndiye anayeishika kila siku bila glavu. Ikimmwagikia, aioshe kwa maji mengi hapohapo na aende hospitali na chupa yake, asingoje iume.

Stilwaya iache kwa masufuria. Inaacha vijisindano vya chuma ndani ya alumini, na hivyo vinapata kutu ya kahawia na kuharakisha uozo pembeni mwake. Wanaotoa ushauri huo si waongo. Wengi wao waling'arisha rimu tupu isiyo na klia, ya gari la maonyesho, katika nchi kavu. Ushauri wa rimu bila kuuliza ni rimu ya aina gani na gari linalala wapi ni kama kupewa dawa na jirani kwa sababu ilimfaa yeye.

Ule weusi unaogandana karibu na spoki si tope. Ni unga wa breki, na ndani yake mna vumbi la chuma kutoka kwenye diski, lililorushwa likiwa la moto hadi likajichoma ndani ya klia. Ipo dawa halali ya kuliondoa, ile inayogeuka zambarau inapokutana na chuma, ina harufu kama ya mayai mabovu. Haidhuru klia iliyo nzima. Inapakwa rimu ikiwa baridi, kivulini, na inasuuzwa kabla haijakauka. Siku nyingine zote shampuu ya gari na brashi laini vinatosha. Na maji: visima vingi vya pwani vina chumvi, na mtu anaosha gari kila siku kwa chumvi akidhani anaitoa. Ukilazimika kuoshea maji ya kisima, suuza ya mwisho iwe ya bomba au ya mvua, kisha ufute kwa kitambaa.

Unazo njia tatu. Ya kwanza ni kukereza upya ule uso. Inahitaji mashine inayopima umbo la rimu kwanza ndipo ikate. Kerezo la kawaida la karakana haliwezi kufuata mikunjo ya spoki. Kila ukerezaji unapunguza madini, kwa hiyo ni kazi ya mara mbili au tatu tu maishani mwa rimu. Ikirudi itakuwa nzuri kama mpya, yenye udhaifu uleule. Kwa Kigamboni sikushauri.

Ya pili ni kuachana na mng'ao na kuzipaka rangi moja, kijivu au nyeusi, nzima nzima. Hii unaweza kumpa fundi rangi mzuri. Msimamie katika mambo machache. Minyoo itolewe mpaka kwenye madini safi, na kuvuka kidogo mpaka wake, kisha rimu ioshwe kwa maji matamu ili chumvi itoke kabla ya rangi. Madini yakishakuwa matupu yasilale nje. Yapakwe siku hiyohiyo. Praima iwe ya apoksi, kwa sababu ya kawaida haishiki alumini. Kama watapiga mchanga, mchanga huo usiwe umeshapigia chuma. Wakati wa masika wakupulizie siku kavu, la sivyo klia itafanya ukungu mweupe. Klia ya kuchanganya na hadna, dawa ya kuikaza, ndiyo inayodumu. Ile ya kopo moja hulainika ikimwagikiwa petroli. Lakini hadna ina kemikali zinazoharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu, kwa hiyo usijaribu nyumbani watoto wakiwa uani.

Kuna wanaopaka rangi ya unga na kuoka. Inavumilia kokoto kuliko ya maji. Mwulize anayeoka kama tanuri lake lina kipimo cha joto, na lisipite nyuzi 200. Mara moja kwa dakika zilizopangwa haina neno kubwa. Kurudiarudia kila ukibadili mawazo ya rangi kunaigusa ile nguvu ya kiwandani niliyokueleza.

Jambo moja ambalo mafundi hulipuuza: pale nati zinapokaa, na pale rimu inapogusana na habu, kile kitovu cha gari inapofungwa, pasipakwe rangi nzito. Rangi inasinyaa chini ya mkazo, nati inabaki imelegea, na gurudumu linaanza kucheza.

Ya tatu ndiyo ambayo ningeifanya kama gari lingekuwa langu: uza zile tatu nzima kwa anayezipenda, tafuta nne za kiwandani za inchi 17, zilizotumika, Ilala au Kariakoo. Harrier ya umri huo ilitoka na tairi za 225/65 za inchi 17 au 235/55 za inchi 18. Ubavu wa tairi la kwanza una takriban milimita 146, la pili 129. Hizo milimita 17 za ziada ni mpira unaopokea shimo kabla rimu haijalipokea, na spidomita haitajua tofauti. Ukinunua, geuza rimu uangalie ndani: alama ya JWL, ya viwango vya rimu vya Japani, ipo? Kuna mshono wa kuchomelea? Rangi mbichi upande wa ndani, ambako hakuna mtu wa kutazama, ni ya kuficha kitu. Muombe aifunge tupu kwenye mashine ya balansi izunguke ukiiona. Matundu ya nati yawe 5 kwa 114.3, yaani matano kwenye duara la milimita 114.3, na tundu la katikati likae sawasawa kwenye habu. Halafu nati: rimu za kiwandani za Toyota hutumia nati yenye washa bapa, zile zako za sasa yaelekea zina nati za koni, zilizochongoka mbele. Usihamishe za huku kwenda kule.

Na Tanga? Kwa rimu hiyo, hapana, hata ukijaza upepo kila kituo. Kabla ya Ijumaa ipimwe kwa sabuni na ikaguliwe na mtu aliyeinama akaiona, si mimi ninayekuandikia. Ikiwa ni vali au kikalio, na balansi ikakubali, nenda. Ikiwa ni ufa au kuna mkunjo wa kutisha, funga rimu nyingine ya vipimo vilevile. Ukitegemea spea, iangalie kwanza: ikiwa ni ile nyembamba ya dharura imeandikwa mwisho kilomita 80 kwa saa, na haikutengenezwa kwa safari ya Tanga. Minyoo mtaiacha nyumbani, mtaikuta.

Rimu yoyote mtakayoifunga, nati zikazwe kwa msalaba, yaani moja kisha ile ya upande wa pili, si kwa mzunguko, na kwa spana ya kupimia kama karakana inayo. Toyota nyingi za namna hiyo ni nyutoni mita 103. Bunduki ya upepo peke yake haitoshi. Kisha mkifika Chalinze, watoto wakiwa wanachagua mahindi, toa spana ya gari uzijaribu tena moja moja.